Mwaka wa Juisi ya Kabichi

Tumbo lilianza kuniuma miezi michache baada ya kumzika mume wangu. Watu walisema ni huzuni iliyonichoma ndani, na ningependa kuandika hivyo, maana inasikika vizuri. Ukweli ni kwamba niliacha kupika. Asubuhi nilikunywa vikombe viwili vya kahawa nyeusi kabla ya kukimbilia treni, na kwa sababu mgongo uliniuma kwa kuinua wazee kazini, nilimeza vidonge vya maumivu juu ya kahawa hiyo, tumbo likiwa tupu. Nilifanya hivyo kila siku, na hakuna aliyenilazimisha.

Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Vällingby, hapa Uswidi. Ninakaa Spånga, ghorofa ya tatu, na binti yetu wa miaka kumi na sita. Mume wangu aliondoka mwezi wa tano, asubuhi, akiwa ameinama kufunga viatu. Kamba ya kulia alikuwa ameshaifunga.

Maumivu yalikuja njaa ilipoanza, kama kaa la moto limewekwa chini ya kifua. Nikila kidogo lilitulia, kisha likarudi. Nilinyamaza nalo mpaka siku moja akina mama wa kikundi chetu cha maombi waliponiona nimejikunja jikoni, nimeshika ukingo wa sinki. Tangu siku hiyo tumbo langu halikuwa langu peke yangu.

Kwetu mashariki ya Kongo, nyumba yenye matanga haifungwi mlango mwaka mzima, na kitu alichokuja nacho mgeni hakikataliwi. Ukikikataa, umemwambia machozi yake hayana kazi kwako. Desturi hiyo tulikuja nayo huku, na Warundi na Watanzania tunaosali nao hawana shida nayo. Miezi ya kwanza akina mama walileta chakula. Walipojua tumbo linaniuma, walisema ni vidonda, wakaanza kuleta dawa.

Mama mmoja Mrundi alileta unga wa ndizi mbichi, alizozikata na kuzikausha juu ya vyuma vya kupashia nyumba joto chumbani kwake. Dada wa Kitanzania alileta asali nyeusi aliyotumiwa kutoka kwao, akaniagiza vijiko viwili kabla sijasema neno na mtu asubuhi. Mwingine alileta mshubiri ndani ya chungu cha maua, nikate jani na kumeza ute wake. Uchungu wa ule ute siwezi kuueleza, ila niseme kwamba binti yangu aliuonja mara moja kwa udadisi, akakimbilia bafuni.

Mkuu wa matibabu alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. Anakaa Tumba, na kila Jumamosi alipanda treni kuja kwangu na kabichi mbili kwenye mfuko. Alizisaga kwenye blenda yangu, akachuja kwa kitambaa, akasimama mbele yangu mpaka glasi iishe, na iliyobaki akaiacha kwenye friji niinywe kila asubuhi. Mtu angemwona angedhani ananikamua mimi, si kabichi.

Nilikunywa vyote. Kwa vile sikuruhusiwa kukataa, nilipanga foleni mezani: asali, kabichi, uji wa ndizi, mshubiri. Binti yangu aliutazama ule mpango akasema kwa Kiswidi kwamba sasa mama yake ana ratiba kama ya basi.

Wifi alikuwa na sababu ya kuhangaika. Mwezi wa tano mwaka ungetimia, na ilikuwa lazima tuondoe matanga. Siku hiyo inapikwa sahani aliyoipenda marehemu, na mjane anakula tonge la kwanza mbele ya wote. Kabla hajameza hakuna anayegusa chakula, na akishameza, kilio kimekwisha. Asipoweza kula, watu wanasema hajamwachia mumewe aende. Sahani aliyoipenda mume wangu ilikuwa sombe, majani ya mhogo yaliyotwangwa, na samaki mkavu na pilipili nyingi. Mimi wakati huo hata nyanya ilinifanya nilale chini.

"Mpaka mwezi wa tano utakuwa umekula," wifi aliniambia. "Sitaki ndugu yangu azungumzwe kwamba mke wake alishindwa na sombe."

Usiku ule na nyingine nyingi nilikuwa naliwaza lile tonge. Sikuogopa watu wangesema nini. Niliogopa kwamba wangesema kweli.

Baada ya Krismasi mmoja wa akina mama alikuja na habari mpya. Alikuwa amesoma mahali kwamba mzizi wa lakrits unatibu vidonda vya tumbo tangu zamani. Akacheka kwamba tunaishi katika nchi ambayo dawa hiyo inauzwa kama pipi na watoto wanaila bure tu. Kweli Waswidi wanapenda sana zile pipi nyeusi, nyingine zina chumvi kali mpaka ulimi unajikunja. Akaniletea mfuko mkubwa, wa zile za chumvi, kwa sababu alifikiri dawa kali ndiyo dawa. Nikazitumia kama vidonge: tatu asubuhi, tatu mchana, tatu jioni. Mfuko ulipoisha nilinunua mwingine mwenyewe. Binti yangu alizipenda pia, na kwa wiki chache tulikuwa tukikaa kwenye sofa tunajitibu pamoja.

Kisha miguu ikaanza kuvimba na kichwa kikawa kizito. Nikaenda kituo cha afya. Muuguzi alinipima presha, akapima tena, akabadili mkono akapima mara ya tatu. Akaniuliza ninakula nini. Mimi sijui kumdanganya mtu aliyenishika mkono, kwa hiyo nilimtajia yote kwa utaratibu wa meza yangu, na hesabu ya lakrits kwa siku. Alipofika hapo aliacha kuandika. Alijitahidi kweli asicheke, ila mwishowe alivua miwani akafuta macho, na mimi nikacheka naye, mara ya kwanza tangu mwezi wa tano kucheka mpaka mbavu ziume.

Aliniambia lakrits nyingi hupandisha presha, niziache siku hiyo hiyo. Mshubiri pia niache. Kabichi, asali na uji wa ndizi havina ubaya, lakini nisivitegemee kufunga kidonda. Kisha akauliza juu ya vidonge vya maumivu, nikaona aibu. Daktari alinipima kama nina kijidudu kile kinacholeta vidonda. Niseme ukweli, niliomba kipatikane, nipate mtu wa kumlaumu. Hakikupatikana. Nikapewa vidonge vya kupunguza asidi, nikakatazwa vile vya maumivu na kahawa ya tumbo tupu, na nikaonywa kwamba nikitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami nisisubiri hata saa moja.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza akina mama. Yule wa lakrits alifunika uso kwa kitenge, tukamvuta atoke, tukamtania mpaka jioni kwamba amekuja kuongeza msiba juu ya msiba. Wifi hakucheka.

"Kwa hiyo kabichi yangu ilikuwa mapambo," alisema.

Nikamwambia hapana. Kabichi ndiyo iliyonifanya nitie kitu tumboni asubuhi kabla ya kahawa, na yeye ndiye aliyenifanya nikae tena kwenye meza ambayo nilikuwa naipita tu nikienda kazini. Hilo lilikuwa kweli, sikulisema kumfurahisha. Akainuka kwenda jikoni, nikasikia blenda.

Dawa ya nyumbani iliyonituliza kuliko zote niliipata kazini. Bibi mmoja ninayemhudumia, mwenye miaka zaidi ya tisini, aliniona nimebonyeza tumbo nikitandika kitanda chake. Akaniambia kwao kaskazini waliloweka mbegu za kitani usiku kucha, asubuhi wakanywa ule ute unaotoka. Nilimuuliza muuguzi, akasema sawa. Nikaziloweka. Asubuhi nilikuta kitu kinachovutika kutoka kwenye kijiko mpaka mezani. Dada wa Kitanzania alipoiona alishika kiuno. Alisema miaka yote hii anawalilia Waswidi kwamba hawana mlenda, kumbe wanao, wanauficha. Ule ute ulipita kooni taratibu, na lile kaa chini ya kifua likawa kama limefunikwa na jani bichi. Bibi nilimpelekea chapati za kushukuru. Alizila na jamu ya matunda mekundu, sikumzuia.

Theluji iliyeyuka, nikaanza kula ndizi za kuchemsha, kisha samaki, kisha maharage laini. Kaa lilikuja mara chache, kisha likaacha kuja. Lakini pilipili sikuthubutu kuigusa, na mwezi wa tano ukafika.

Tulikusanyika Tumba kwa wifi. Viti vilikuwa vimeazimwa kwa majirani wote wa ngazi ile, madirisha yako wazi, na harufu ya sombe ilifika kituo cha treni, hilo nalisema bila kutia chumvi kwa sababu niliisikia nikishuka. Binti yangu alikuwa amevaa kitenge kwa hiari yake. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Kisha wifi alileta sahani, bugali, yaani ugali wetu, upande mmoja na sombe upande wa pili, akaiweka mapajani pangu.

Nilimega bugali. Nikachovya, nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikakomea hapo hapo.

"Wifi," nilisema chini chini, "hii haina pilipili."

"Kula tu."

"Yeye hakuwahi kula sombe bila pilipili. Siwezi kumdanganya siku ya kumuaga."

Wifi alikuwa bado ameshika mwiko. Akaketi pembeni yangu na mwiko wake, akashusha pumzi.

"Nani kakwambia? Huyo alikuwa analia pilipili ikimgusa. Mpaka anamaliza shule mama alimpikia chungu chake peke yake, sisi tunamcheka. Alianza kula pilipili siku aliyokuja kwenu kuposa. Mama yako alimwekea, naye akaona wewe unamtazama."

Nilimwangalia nione kama anatania. Hakuwa anatania. Miaka ishirini na miwili nilimpikia yule mwanaume pilipili, na kila sombe nilimuongezea nikijua nampendeza. Hapo nikakumbuka kwamba kila baada ya chakula alifungua friji, akanywa maziwa amesimama, amenipa mgongo. Mimi nilidhani anapenda maziwa. Nikalisema hilo kwa sauti, na chumba kizima kikapasuka. Mama wa lakrits alipiga magoti sakafuni kwa kicheko. Mtu nyuma akauliza kama vidonda tulivyohangaika navyo mwaka mzima vilikuwa vyangu au nilirithi vya marehemu.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza wifi.

"Aliniapisha. Leo ndiyo kiapo kimekwisha."

Binti yangu aliinama sikioni kwangu akasema, kwa Kiswahili, "Mama, kula, nina njaa."

Nikala. Sombe ilikuwa laini, ina mafuta ya mawese na samaki mkavu, na ilikuwa hivyo hivyo alivyoipenda kabla hajanijua. Nilimeza nikingoja kaa liwake. Halikuwaka. Wifi alinyanyua mkono, watu wakaanza kujisogeza kwenye masufuria, kelele zikarudi, mtu akaangusha mfuniko. Mimi nikamega tonge la pili, ambalo hakuna desturi iliyonidai.