Mishale Isiyo na Kioo

Mimi ni mwoga wa magari, na nasema mapema ili mtu asije akanishangaa huko mbele. Nilipata leseni nikiwa na miaka thelathini na minane, na mpaka leo nikishika usukani viganja vinatoka jasho. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyejinunulia gari ambalo dashibodi yake yote ni kioo cheusi chenye tarakimu, halina mshale hata mmoja, na ukiliwasha anaongea mwanamke wa Kijapani, kwa upole, sentensi ndefu. Gari lilitumika huko kwao kabla ya kuja Arusha, na hakuna aliyejisumbua kulifundisha lugha yetu. Kila asubuhi pale Daraja Mbili, kabla sijatoka getini kwenda shuleni ninakofundisha, mwanamke yule ananiambia jambo, nami nawaza pengine anasema breki zimekufa.

Wiki ya kwanza iliwaka taa ndogo ya bluu. Nikaegesha pembeni, nikampigia fundi wangu simu.

"Dada, hiyo inakwambia injini bado ina baridi," akasema. "Wewe tembea tu, itazima yenyewe."

"Na ikichemsha?"

"Itawaka nyekundu."

"Na kati ya bluu na nyekundu?"

"Hapo kati hakuna kitu, dada. Kama hujaona taa, gari ni zima."

Sikuridhika. Mimi nataka kuuona moto ukipanda kidogo kidogo, ili nipate muda wa kuogopa vizuri. Gari linalokaa kimya mpaka mambo yameharibika siliamini, na nilimwambia fundi hivyo hivyo. Alicheka, akasema nimezoea magari ya mzee.

Ni kweli. Baba yangu aliendesha lori la magogo miaka mingi, akishuka na mizigo kutoka msitu wa juu ya Olmotonyi, na alipostaafu alinunua pikapu ambayo tayari ilikuwa imezeeka kuliko sisi watoto wake. Ilikuwa na mishale mitatu: wa mwendo, wa mafuta, na wa moto wa injini. Kioo kilichoifunika kilivunjwa na ndama. Mvua ilikuwa inanyesha, baba akamhurumia, akamwingiza mbele kwenye kabini badala ya kumwacha nyuma analowa, na ndama akashukuru kwa teke. Kioo kingine hakikupatikana, au hakikutafutwa. Tangu siku hiyo mishale ilikaa wazi, na baba akawa na tabia ya kuigusa kwa ncha ya kidole akiwa anaendesha, taratibu, kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Sisi tulisema anaisalimia.

Mama, ambaye kwetu tunamwita yeyo, hakujua kuendesha ila alijua kusimamia. Hakuna safari aliyomwachia baba aende peke yake, na njia nzima hakufunga mdomo. "Mbuzi kushoto. Pikipiki hiyo. Shimo. Lori linakuja, punguza." Tuliona ni kero za uzee. Krismasi moja kaka yangu, anayeishi Dar, alikaa kwenye kiti cha plastiki uani akamwigiza: "Kuku kulia! Jiwe! Punguza!" Tulicheka mpaka chai ikatupalia. Baba naye alicheka. Yeyo aliendelea kumenya ndizi, na nilidhani amenuna kwa sababu ya utani wenyewe.

Mwaka huu, siku chache kabla ya shule kufungwa, nilipigiwa simu na jirani yetu wa kule kijijini. Nilikuwa stafu, nimeshika chaki.

"Mwalimu, samahani, mimi si mtu wa maneno," akaanza. "Jana mzee ameingia barabara ya Nairobi bila kusimama. Lori limempigia honi hadi watu wote wa Ngaramtoni wakageuka. Imebaki kidogo tu limchukue."

"Alikuwa na yeyo?"

"Hapana. Mama alikuwa msibani. Mzee alikuwa peke yake."

Nilimshukuru, nikaenda darasani, nikafundisha vipindi viwili bila kujua nilichofundisha. Nilikuwa nahesabu. Binti yangu yuko darasa la pili, na kila likizo anakwenda kwa babu na bibi. Kila Alhamisi, siku ya soko, anapanda nao ile pikapu, anakaa katikati, miguu yake haifiki chini. Zilikuwa zimebaki siku nne aende.

Nikampigia kaka. "Mnyang'anye funguo," akasema. Rahisi sana ukiwa Dar. Kwetu mtoto hamuulizi baba yake habari za mwili wake. Ukimwona anachechemea, unamuuliza hali ya ng'ombe. Jambo zito kama hilo linapelekwa na wazee wa rika lake, na hao wa rika lake wawili wameshafariki, na wa tatu ndiye anayeomba lifti kwenye pikapu hiyo hiyo. Wala sikutaka kusikia mimi ndiye niliyemkalisha baba nyumbani. Nampenda, na namwogopa, na vyote viwili vilinifunga mdomo.

Basi nikapata akili ambayo wakati ule niliiona ni kubwa. Gari langu linapiga kelele ukikaribia kitu. Lina kamera nyuma. Nitampa baba alijaribu, atalipenda, nitamwachia, nami nitaichukua pikapu kwa kisingizio cha kuipeleka kwa fundi, na isirudi. Mashine itamwambia yale ambayo mimi siwezi kumwambia.

Jumamosi nikapanda Olmotonyi, mwenyewe, binti nikamwacha kwa shangazi yake. Baba alikuwa uani. "Shikamoo baba," nikasema, nikainamisha kichwa kama tulivyofunzwa, ili aniwekee mkono utosini. "Marahaba, mama," akajibu. Mkono wake ukatua begani kwangu. Ukasimama hapo kidogo, ukapanda shingoni, ukapita sikioni, ndipo ukafika kichwani. Niliona, na bado nikajiambia ni kwa sababu nimevaa kitambaa kikubwa. Mtu mwoga ana maelezo ya kila kitu.

Nikampa ufunguo, na nikamwomba yeyo abaki apumzike. Yeyo alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. "Nitakuja," akasema. Nikamwambia gari hili linajisimamia lenyewe, halihitaji mtu wa kupiga kelele. Baba akasema, "Acha, nitakwenda na mwanangu." Yeyo akasimama mlangoni, mikono ameikunja, mpaka tukatoka.

Yule mwanamke wa Kijapani akatoa hotuba yake, baba akamwitikia "Marahaba," tukacheka wote. Barabara ya kuelekea msituni haina magari, ndiyo maana niliichagua. Alishika usukani kama alivyoushika siku zote, mikono imelegea, mgongo wima. Nikaanza kupumua. Kisha gari likaongeza mwendo, na injini yake haina sauti, na yeye hakupunguza.

"Baba, unatembea spidi ngapi?" nikauliza, kwa sauti ya kawaida kadiri nilivyoweza.

"Thelathini," akasema. "Labda thelathini na tano."

Tarakimu zilikuwa mbele yake, kubwa, za kijani. Sitini na mbili.

Nilikuwa nimeshika mlango. Ndipo nikaona kidole chake kikiondoka kwenye usukani, kikaenda kwenye kile kioo cheusi. Kikagusa upande wa kulia, kikateleza, kikaenda katikati, kikarudi. Kilikuwa kinatafuta. Kilipapasa kioo kizima na hakikupata kitu cha kushika, na uso wake ulikuwa unatazama mbele muda wote, haukushuka hata mara moja.

Akaondoa mguu kwenye mafuta. Akakanyaga breki, gari likasimama katikati ya njia.

"Mama," akaniambia, "hii gari yako inasema nini hapa?"

"Tangu lini, baba?" Maneno yalinitoka. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumuuliza hivyo.

Aliweka mikono kwenye magoti. "Muulize mama yako," akasema. Tulibadilishana viti. Alishuka akalizunguka gari akiwa amelishika kwa kiganja, kutoka mlango mpaka mlango. Nami niliendesha kurudi nikilia, jambo ambalo hata kwa dereva mzuri halifai.

Yeyo alikuwa bado mlangoni. Baba alipoingia ndani, yeyo aliniambia akiwa amesimama pale pale: macho ya baba yalianza kuingia ukungu kipindi ambacho binti yangu alikuwa anajifunza kutembea. Maumbo makubwa anayaona, na njia anaijua. Yaliyobaki, yeyo ndiye humwambia.

"Na mtoto wangu mlikuwa mnampakia humo?"

"Nilikuwepo," akasema yeyo. "Siku zote nilikuwepo."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nasema kila siku," akajibu, na sauti yake ilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuisikia. "Mbuzi, lori, shimo. Mkakaa hapo uani mkanicheka."

Nimefundisha watoto wa watu miaka kumi na mitano, na sikumsikia mama yangu mwenyewe. Nilipokuwa napiga hesabu za lori na pikapu, nilimtafuta mkosaji kila mahali isipokuwa kwenye kile kiti cha plastiki na kicheko chetu.

Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, baba alitoka akasema mambo mawili. La kwanza, Jumatatu ya wiki ya pili atakwenda hospitali ya macho, na nisimwambie mtu mpaka atakaporudi. La pili, Alhamisi ni soko, karoti za yeyo zimeshang'olewa, na pikapu haiwezi kukaa. Akasubiri nielewe. Nilielewa: dereva ni mimi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa uani na leseni yangu mfukoni, binti bado yuko kwa shangazi yake. Baba alisimama karibu na pikapu, akaunyoosha ufunguo. Aliunyoosha pembeni kidogo, mahali ambapo sikuwepo. Nikausogeza mkono wangu mpaka ulipokuwa ufunguo.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alifungua mlango wa abiria akaingia kwanza, akakaa katikati, mahali pa mtoto, magoti yake yakigusa gia. Yeyo akakaa dirishani. Tukateremka. Klachi ilinitesa, nilizima gari mara tatu kabla ya kuvuka geti la jirani, naye jirani akajifanya anafunga mbuzi ili asiniaibishe. Tulipofika barabara kubwa nilisimama muda mrefu mno. Malori yalikuwa yanapita yakielekea Nairobi na kila moja lilitikisa kabini.

"Lori," alisema yeyo. "Lingine. Subiri. Pikipiki. Sasa nenda."

Nikaenda. Neno lake nililishika kama kamba, na sikuachia mpaka tumeegesha sokoni na karoti zimeshuka.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Tulikuwa tumepakia magunia ya pumba za ng'ombe, na mlima kutoka Ngaramtoni hauna huruma na injini kuukuu. Macho yangu yalikuwa barabarani, sikuthubutu kuyashusha kwenye mishale hata kwa kufumba na kufumbua. Nilinusa kitu, au nilidhani nimenusa. Jasho likaanza. Gari ni la watu watatu na mzigo, nyuma yangu kuna foleni ya pikipiki, na mimi sijui moto umefika wapi.

"Baba," nikasema, "umefika wapi?"

Hakuuliza kitu gani. Alipitisha mkono pembeni ya usukani, akakifikisha kidole pale ambapo kioo kilivunjwa na ndama, akaugusa mshale. Akauacha mkono hapo.

"Umepita nusu," akasema. "Twende. Nitakwambia."

"Mbuzi kushoto," alisema yeyo.

Nikapunguza.