Wasichana wa Boti Namba Saba

Boti ziliingia mjini Singida zikiwa kifudifudi juu ya lori la mizigo, nne, nyeupe, zimekazwa kwa kamba, na watu wa pale sokoni wakasema yameletwa mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Shangazi yangu alisema hivyohivyo. Aliangalia lori likipita mbele ya kibanda chetu cha mafuta ya alizeti, akatikisa kichwa, akasema hata ng'ombe siku hizi wanakunywa kwenye vyombo vizuri kuliko sisi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakuwa ya kutangaza. Mama alinitoa Ihanja akanipeleka kwa dada yake baba nimsaidie kuuza mafuta huku tukifikiria la kufanya. Nilikuwa nalifikiria hilo la kufanya kwa muda wa miezi mitano, na sikuwa nimefika popote.

Siku mbili baada ya lori kupita alikuja mwanamke mmoja mrefu, amejifunga kanga juu ya suruali ya michezo, kununua mafuta. Nikamwamkia shikamoo, nikainua dumu la lita ishirini ili nimmiminie kwenye chupa yake.

"Marahaba, mwanangu. Hilo dumu umezoea kuliinua peke yako?"

"Ndiyo."

"Unaogopa maji?"

"Maji gani?"

"Ya ziwa."

Nilimwambia ukweli kwamba sijawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Kwetu Ihanja maji ni ya lambo, na kwenye lambo mtu anachota na kuondoka.

"Sikukuuliza kama unajua kuogelea," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha Pwani, kila neno limekaa mahali pake. "Nimeuliza kama unaogopa."

"Sijui. Bado sijayajaribu."

Jibu hilo lilimfurahisha kuliko nilivyotarajia. Alilipa, akachukua chupa yake, akaniambia nifike ziwani Jumamosi saa mbili asubuhi nikiwa nimevaa suruali. Shangazi alipomuuliza suruali ya nini, ndipo tulipojua kwamba yale mabirika ni boti za tanga, kwamba yeye ni kocha aliyekulia Pangani akaolewa na mtu wa Singida, na kwamba mwisho wa mwaka mashindano ya vijana wa kike ya mbio za matanga yangefanyika hapa kwetu. Waandaaji walikuwa wameusikia upepo wetu.

"Watakuja wasichana kutoka Dar, Mwanza, Tanga, Kigoma," kocha akasema. "Sasa wa Singida watakuwa wanauza karanga ufukweni?"

Shangazi akasema Jumamosi kibanda atakifungua mwenyewe.

Tulifika wasichana tisa. Mwezi wa kwanza hatukugusa tanga. Tulijifunza kuelea tukiwa na majaketi ya kuokolea maisha, kisha bila majaketi. Ziwa la Singida lina maji ya chumvi yanayochoma macho, na kila tulipotoka nje tulikuwa tumekauka na kupauka mikono kama tuliokuwa tunakanda unga. Wawili waliacha. Mmoja akakatazwa na kaka yake. Tukabaki sita.

Boti zenyewe ni za watu wawili: mmoja anashika usukani na kamba ya tanga kubwa, mwingine anashughulikia tanga dogo la mbele na kujitupa nje ya ubavu ili uzito wake uzuie boti isipinduke. Kocha akanipanga na msichana wa Itigi. Baba yake alikuwa fundi wa reli kule, naye alikuwa Singida akisoma ushonaji. Mwembamba, anavaa hijabu ameichomekea ndani ya jaketi, na alikuwa na tabia moja iliyonichosha: alisoma kila kitu. Ukinunua maandazi yamefungwa kwenye gazeti, hatakula mpaka amalize gazeti. Alisoma maandishi ya nyuma ya boksi la dawa ya mbu. Alisoma mabango ya mikutano iliyokwisha pita. Nikimuuliza anatafuta nini, anasema hatafuti, anasoma tu.

Siku ya kwanza ya tanga tulikwenda kama mita hamsini. Upepo ulikuwa mbele yetu, na kocha akiwa kwenye boti yake ya injini alipaza sauti, "Bisha!"

Nikageuka nyuma. "Sibishi, mwalimu!"

"Nasema bisha!"

"Mimi sijabisha chochote!"

Boti ikasimama, tanga likapigapiga, tukapinduka. Nilipoibuka na macho yanawaka, kocha alikuwa amejikunja kwa kucheka hata ameuachia usukani wake. Baadaye, tukiwa tumekaa kwenye mawe tunakausha nguo, alitueleza kwamba kwao kubisha ni kwenda kinyume cha upepo kwa kukata upande huu na upande huu, maana boti haiwezi kuuelekea upepo moja kwa moja. Mwenzangu wa Itigi akasema basi neno ni lilelile, ila kwao unaubishia upepo badala ya mtu.

Kitu kimoja tu nilikijua kabla ya kufundishwa, nacho ni upepo wenyewe. Mwaka baada ya mwaka nimepepeta uwele na mtama na mama yangu, na mtu anayepepeta hujua upepo wa Singida hauji kwa mkupuo mmoja. Unakuja, unakatika, unajificha nyuma ya mawe, halafu unakurukia. Wakati wa kupepeta ukikosea kuinua ungo, nafaka inamwagika. Nilianza kulegeza kamba kabla kishindo hakijafika, na kocha akaniuliza nimejuaje. Nikasema ngozi ya shingoni.

Mama nilikuwa sijamwambia. Shangazi naye aliahidi kunyamaza, akanyamaza kwa wiki tatu, kisha akampigia simu. Nilikuwa nimekaa pembeni yake na nilisikia sauti ya mama ikitoka kwenye simu kwa Kinyaturu mpaka wateja wakageuka. Alitaka kujua ni nani aliyemwambia shangazi kwamba yeye ana watoto wa kutupa. Shangazi alimjibu taratibu kwamba mtoto anarudi kila jioni akiwa mzima na anakula sahani mbili. Mama akakata simu. Hakupiga tena mpaka mashindano yalipoanza.

Wageni waliingia Alhamisi na boti zao, na tulipowaona tulinyong'onyea. Walikuwa na glavu. Walikuwa na miwani ya kuzuia jua iliyofungwa kamba shingoni. Walitaja majina ya pepo zinazovuma kwao kama watu wanaoongelea majirani. Nahodha wa Dar, msichana mwenye mabega mapana na sauti ya kukwaruza, alikuja kutusalimia, akatazama namba saba iliyoandikwa kwenye tanga letu, akasema kwa wema, "Mkipinduka msihangaike, sisi wote tumeanza hivyo."

Na kweli siku ya kwanza tulipinduka mara mbili. Zilikuwa boti kumi, na katika mbio mbili za siku hiyo tukashika nafasi ya tisa, kisha ya kumi. Siku ya pili upepo ulikuja kwa vishindo vyake vya kawaida na wageni wakaanza kuyumba, maana wao walikuwa wamezoea upepo unaotembea sawasawa. Tukapata ya sita, kisha ya tano. Jioni hiyo shangazi alichinja kuku wawili na kuwaalika wasichana wa Kigoma, ambao walisema walikuwa wanasikia sifa za kuku wa Singida na kumbe hawakudanganywa.

Jumapili, siku ya mwisho, nikiwa nafunga jaketi, nilimwona mama ufukweni. Alikuwa amesimama mbali na maji, amevaa gauni la kanisani, mkoba umebanwa kwapani. Nilikimbia kwenda kumwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimeshukia stendi nikaambiwa niende kule kwenye kelele." Akatazama ziwa, akanitazama miguuni, suruali yangu imebana na imelowa. "Hicho ndicho kichombo?"

"Ndicho."

"Ni kidogo hivyo?"

"Kinatosha watu wawili."

Kocha akaja, wakasalimiana, na kocha akasema, "Dada yangu, mtoto wako ana shingo inayousikia upepo." Mama akajibu kwamba shingo hiyo ameizaa yeye. Kisha akakaa kwenye jiwe, akatoa kitambaa kwenye mkoba akakishika mkononi kama mtu aliyejiandaa kwa msiba.

Honi ya kuanzia ikalia. Katika mbio zilizopita tulikuwa tunazunguka maboya matatu ya njano kisha tunarudi kwenye mstari. Tulianza vizuri. Kwenye boya la pili tulikuwa wa nne, na mbele yetu boti ya Dar ilikuwa imeuchukua upepo wote kana kwamba umeandikwa jina lake. Ikazunguka boya la tatu, ikaelekea mstari wa kumalizia. Boti mbili zikaifuata. Nikauelekeza usukani nyuma yao.

"Boya jekundu," mwenzangu akasema.

"Boya gani?"

"Asubuhi wameongeza boya jekundu. Tangazo liko kwenye ubao. Baada ya la tatu unazunguka jekundu, ndipo unamaliza."

Niliangalia. Kweli, kule kushoto, upande wa upepo, karibu na mawe, kulikuwa na kitu chekundu kinachezacheza juu ya maji.

"Wenzetu wote wanakwenda moja kwa moja."

"Wenzetu hawakusoma."

"Boti kumi, usome wewe peke yako?"

"Bisha," akasema.

Nilibisha. Nilimbishia kwanza yeye, kwa maneno ambayo nisingependa mama ayasikie, nikimwambia kwamba tuko wa nne, kwamba hatujawahi kuwa wa nne, kwamba kama kuna kosa basi ni kosa la watu wote na halitakuwa letu. Yeye hakupandisha sauti. Alikuwa tayari ameshika kamba ya tanga la mbele na kulihamishia upande wa pili, akinisubiri. Mtu hawezi kugombana na mtu anayemsubiri. Nikasukuma usukani, boti ikageuka.

Boti zilizokuwa nyuma yetu zikatupita moja moja zikielekea mstarini. Msichana wa Mwanza akatuuliza kwa sauti kama tumepoteza kitu. Kutoka ufukweni nilisikia kicheko, na mtu mmoja akapiga kelele, "Namba saba, Ihanja siyo huko!" Masikio yalinichoma kuliko macho. Tulikata kulia, tukakata kushoto, tukalizunguka boya jekundu kwa karibu kabisa, hata mwenzangu akaligusa kwa macho kama anayelisoma. Ziwa lote lilikuwa tupu mbele yetu. Wenzetu walikuwa wameshamaliza, wamelegeza matanga, wanakunywa maji.

Ndipo nilipogundua jambo. Siku zile mbili, kila boti ilipovuka mstari honi ililia. Mara hii zilikuwa zimevuka boti tisa na sikuwa nimesikia honi hata moja.

Sikumwambia mwenzangu. Niliogopa kulisema likaharibika. Tulikwenda na upepo nyuma, tanga limejaa, na wale waliokuwa wanacheka wakaanza kunyamaza kwa sababu waamuzi kwenye boti yao walikuwa wamesimama wote. Ncha ya boti yetu ikavuka mstari.

Honi ikalia.

Mwenzangu aliziba uso kwa mikono yote miwili. Mimi nilipiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi, nikaachia kamba, nikaachia usukani, na namba saba ikapinduka palepale mbele ya waamuzi, baada ya mstari, tukiwa washindi.

Nahodha wa Dar alikuwa wa kwanza kutufikia. Aliruka kutoka kwenye boti yake akatusaidia kuinua yetu. "Ubaoni?" akauliza, maji yanamtoka puani.

"Ubaoni," mwenzangu akasema. "Upande wa chini, kwa kalamu ya bluu."

"Nimepita pale mara tatu asubuhi." Akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa cha kukwaruza kama sauti yake. "Mara tatu!"

Ubingwa wa jumla waliuchukua wao hata hivyo, kwa sababu mbio za siku nyingine walizishinda karibu zote, na walistahili. Sisi tulimaliza wa tano. Lakini kwa mbio ile moja tulipewa medali, na tulipoitwa mbele watu wa Singida walipiga vigelegele mpaka ndege wa ziwani wakaruka wote kwa pamoja, weupe na wa waridi, wakazunguka juu yetu na kwenda kutua upande wa pili.

Mama alikuja akiwa bado na kitambaa mkononi. Alinifuta nacho uso, kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifuta nikiwa mdogo kabla ya ibada.

"Sasa nieleze," akasema. "Mmefika wa mwisho, mkazama, halafu mkapewa zawadi. Mmeshinda au mmeshindwa?"

"Tumeshinda, mama."

Akamgeukia mwenzangu, ambaye alikuwa anasoma maandishi ya nyuma ya medali. "Eti, mwanangu, ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Imeandikwa hapa."

Mama akaichukua medali, akaiweka mbali na macho yake, akaisoma yote kwa sauti herufi kwa herufi. Kisha akaitia kwenye mkoba, akaufunga, akauliza yuko wapi huyo wifi yake, maana alisikia jana kuna kuku walichinjwa na yeye hakuitwa.