Mianzi ya Tusekile

Tusekile, mjane wa kijiji cha Mpuguso, aliachiwa na mama mkwe wake nyumba ya matofali na safu ya mianzi kando ya kijito. Shemeji yake Asangalwisye, mzee wa kanisa aliyepakana naye, aling'oa mianzi yote ya upande wake akapanda migomba hadi majini.

"Shemeji, unafuga nyoka!" alimcheka kila alipopita. "Ng'oa hiyo mianzi upate ndizi."

"Nilizonazo zinatosha, shemeji. Mama alisema kijito hiki kina hasira."

"Mama alisomea wapi kilimo?" Asangalwisye mwenyewe alikisomea siku mbili, kwenye semina yenye chakula cha mchana.

Mwezi wa nne kijito kilifurika ghafla. Kwa Tusekile magogo na matope yaliishia kwenye mianzi. Kwa Asangalwisye maji yaliingia bila hodi, yakatoka na migomba, nguruwe wawili, na makochi ambayo hayajavuliwa nailoni. Watu walipona, Mungu asifiwe.

Jumapili mzee alisimama kanisani akalia kwamba anajaribiwa kama Ayubu. Waumini wakaguna kwa huruma.

Tusekile alimkaribisha kwake, akampakulia ndizi. Kisha akasema kwa upole, "Shemeji, Ayubu hakung'oa mianzi."

Asangalwisye alimaliza ndizi zake. Halafu akaomba machipukizi ya mianzi, kwa sauti ndogo ambayo kanisani hawajawahi kuisikia.