Samaki Niliyemchora Mimi

Kaka yangu haambiliki. Nasema hivyo kwa sababu tumekaa karakana moja miaka kumi na tisa, yeye akichora mabango ya maduka na saluni, mimi nikijaza rangi. Yeye hupiga mstari kwa chaki, huchora herufi kwa penseli, halafu anageukia bango jingine. Penye uwazi ni pangu. Hatuulizani.

Shida ni siku zake za mapumziko. Alfajiri anabeba mshipi na kopo la chambo, anakwenda mtoni, anakaa juu ya jiwe mpaka jua limuunguze kipara. Anarudi na visamaki viwili ambavyo wifi yangu anaona haya hata kuvipara nje. Kisha anachora. Na anachora nini? Jamani! Mistari. Madoa ya kijani na ya rangi ya matope. Ukimuuliza, anakwambia, "Hapo mshipi umekaza, mdogo wangu. Samaki bado sijamwona, lakini mkono umeshajua." Mimi naangalia, naona ukuta uliovujiwa na mvua.

Picha kumi na nne zilikuwa zimeegemea ukutani na hakuna aliyetaka hata moja. Seremala jirani aliwahi kuomba moja azibie dirisha. Kaka alicheka sana, lakini mchana ule chakula hakikumpita kooni. Nilimwona, na iliniuma.

Basi daktari mkuu wa zahanati alikuja kuchukua bango lake jipya, akaiona ile picha kubwa kuliko zote. Akasimama. Akasema chumba cha kusubiria wagonjwa kina ukuta mtupu, angependa aiweke pale. Kaka midomo ikamcheza. Daktari akainamisha kichwa upande.

"Ila samaki yuko wapi? Wagonjwa wataniuliza. Mtieni hata mmoja tu. Ijumaa nitatuma gari."

Alipotoka tu nikamvaa kaka. "Kila siku unanung'unika watu hawaangalii picha zako! Samaki mmoja atakupunguzia nini?"

"Akiwepo, watamwangalia yeye tu."

"Si waangalie! Wewe mtu mzima, mbona unanichosha hivi?"

Ijumaa gari likaja, na yeye yuko wapi? Mtoni! Dereva anapiga honi, mimi nimesimama mbele ya picha damu inanichemka. Katikati pana uwazi mkubwa, mweupe. Potelea mbali, nikasema, nikachukua brashi. Nikamchora samaki wa bango la muuza samaki, magamba, mapezi na jicho la duara. Robo saa tu. Dereva akamsifia kabla rangi haijakauka.

Jumatatu nikamweleza. Alichukua brashi na kikopo cha rangi, akaelekea zahanati, mimi nyuma yake najitetea njia nzima. Chumba cha kusubiria kilikuwa kimejaa. Mama mmoja alikuwa anamwonyesha mwanawe yule samaki, na mzee mwenye mkono uliofungwa bendeji akasema, "Huyu fundi anajua kazi." Nikamtazama kaka nikitegemea walau atabasamu.

Lo! Akafungua kikopo. Nikamshika mkono. "Kaka, tafadhali, usinifedheheshe mbele za watu."

Akautoa mkono wangu taratibu. Samaki hakumgusa. Aliinama penye kona ya picha, akalifuta jina lake kwa rangi ya matope, vizuri kabisa, bila kudondosha tone. Kisha akanipa brashi.

"Andika lako," akasema. "Samaki ni mzuri. Sina ugomvi na wewe."

Nikaandika. Mzee yule akanipongeza, na nilitamani ardhi inimeze.

Mpaka leo tunafanya kazi pamoja. Anachora herufi, najaza, tunataniana na wateja. Mtoni bado anakwenda. Picha zake amezihamishia nyumbani, na juzi wifi alinieleza kwa aibu kwamba ameagizwa na kaka, nikifika, asinifungulie chumba chenye picha hizo.