Picha Moja kwa Macho ya Wawili

Kwenye kliniki ya macho Kawangware nilipanga foleni nyuma ya akina mama wawili, majirani kutoka mtaa wa Laini Saba. Wote waliona ukungu, na walikuwa wakitumia chupa moja ya dawa ya matone.

"Daktari, mpige picha huyu peke yake," mmoja alisema. "Ugonjwa wetu ni mmoja."

Daktari aliwapiga wote picha ya ndani ya jicho, akawaonyesha kwenye kompyuta.

"Mama, shida yako ni ugonjwa wa sukari. Ya mwenzako ni presha. Mngeendelea kutegemea matone hayo, mngepofuka. Wewe acha sukari, yeye apunguze chumvi."

Yule wa sukari akamgeukia jirani.

"Basi nipe chumvi yako, uchukue sukari yangu. Hakuna kitakachotupwa."

Daktari alishika kichwa. Mashine yake ilitenganisha magonjwa, lakini majirani walimshinda.