Asali Itangulie, Viongozi Wafuate

Mwishoni mwa miaka ya tisini, ukitaja tovuti pale Mpanda watu walikutazama kama mganga mgeni. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na stashahada ya kompyuta, niliyojisomesha mwenyewe kwa kubeba zege. Kwa hiyo wafuga nyuki wa kwetu walipopata mnunuzi wa ng'ambo aliyetaka kuona tovuti yao kabla ya kuagiza, walikuja kwangu. Wangeenda kwa nani mwingine?

Fundi wa kuijenga alikuwa Dar. Kazi yangu ilikuwa kumwandikia maelekezo kwenye karatasi, yapande treni hadi kwake, naye ajenge bila kubahatisha.

Viongozi wa chama cha wafuga nyuki walikuwa wameandika: "Tovuti iwe nzuri na yenye hadhi." Nikafuta. Mwambie fundi cherehani akushonee suruali nzuri bila kukupima, uone utakavyotembea! Nikaandika jina la chama likae wapi, maandishi yawe na rangi gani. Tukakwama kwenye picha. Wao walitaka mwenyekiti kwanza, kisha makamu, katibu, mweka hazina, wajumbe wote, halafu ndiyo asali.

"Utafanyaje biashara na mtu hujamsalimia?" mwenyekiti aliniuliza. "Au huko Dar mmeacha?"

"Mnunuzi akichoka njiani je, mzee?"

"Mtaalamu, mtu mzima anachokaje kwa salamu?"

Nikawapanga kwenye benchi kwa vyeo vyao, ndoo ya asali mwisho kabisa. Nikamwita shangazi yangu, aliyekuwa anapika nyumba ya pili.

"Shangazi, wewe ndiye mnunuzi. Wasalimie wote, ndipo uchukue asali."

Alianza vizuri: za nyumbani, za mashamba, za wajukuu. Kwa katibu akafupisha. Kwa mjumbe wa kwanza akajifunga khanga upya.

"Nyie, nina maharage jikoni," akasema. "Jirani yangu ana asali na hana kamati."

Akaondoka kweli. Benchi zima likacheka, isipokuwa mwenyekiti.

"Mrudishe!" akaniambia. "Si ndiye mnunuzi wetu huyo anayeondoka?" Akaitazama ndoo kule mwisho wa benchi. "Haya, asali itangulie. Lakini mimi nisipotee kabisa."

Hapo nikaandika sentensi ambayo sijaona mwenye shahada akiiandika: "Picha ya kwanza iwe chupa ya asali, imeshikwa na mkono wa mwenyekiti."

Fundi akajenga hivyo hivyo, bila swali hata moja, na mnunuzi akaagiza. Ukurasa wa tovuti uliochapishwa kwenye karatasi ulipotufikia, mwenyekiti aliutembeza sokoni, akimwonyesha kila mtu dole gumba lake kwenye ile chupa.

"Umeniona?"

"Tumekuona, mzee. Hujanenepa."