Chupa Niliyoisuuza

Niliisuuza chupa. Hilo ndilo kosa langu, nalitaja mwanzoni ili mwenye haraka aondoke nalo. Ilikuwa ya kupelekea maji maabara yapimwe, nami niliisuuza kwa maji ya bomba lilelile la kupimwa, nikatikisa, nikamwaga, nikarudia, mpaka ule ungaunga mweupe uliokuwa kwenye kitako ukaisha. Nikajisifu moyoni kwamba maabara watajua huku Rhotia kuna watu wasafi. Kwetu mgeni hapewi maji kwenye kikombe ambacho hakijasuuzwa akiona. Sasa mimi nipeleke Arusha chupa yenye unga?

Kwenye kamati ya maji niliingizwa kwa sifa moja tu: napatikana. Wenzangu wana mashamba ya mbali, wana maduka Karatu mjini, wana wageni wa kupeleka Ngorongoro. Mimi nina kiti barazani. Tena nimefika kidato cha nne, ingawa kemia niliibahatisha, jambo ambalo mkutano haukuuliza.

Tulipopelekwa mafunzo mjini, mkufunzi wetu alikuwa mtu wa pwani ambaye zamani alipima maji ya tumboni mwa meli. Alituambia meli isiyo na mzigo hujazwa maji ya bahari ili isiyumbe, na ikifika bandari nyingine huyamwaga, pamoja na vijidudu vya ugenini. Kwa hiyo siku hizi hutiwa dawa kwanza, na yeye alikuwa anakinga sampuli pale yanapomwagwa, mwanzoni, katikati na mwishoni, aone kama dawa imefanya kazi kweli. Alisema maji ya kijiji ni habari ileile, nayo hutiwa dawa tangini, ila tangi letu haliendi popote. Hapo nikajiona nafanana na tangi.

Habari ya ule unga aliisema pia, sina shaka. Ilikuwa baada ya wali wa mchana, na mimi nilikuwa nafikiria kitanda changu.

Bomba la kwanza kutoka tangini ni la jirani yangu, mama mjane anayelea mjukuu aliyeachishwa ziwa juzijuzi. Mtoto alikuwa anaharisha kila mara. Bibi yake alikuwa anachemsha kila tone, na kuni anazifuata mbali, na mgongo wake umeshakataa. Alingojea majibu ya maji kuliko mtu yeyote kijijini. Nikakinga pale bombani kwake, yeye akiwa shambani. Chupa ikaingia kwenye deli la barafu, deli likapanda basi.

Majibu yakarudi: maji safi. Mwenyekiti akatangaza baada ya ibada kwamba wataalamu wamepima. Mimi mtaalamu nilikuwa benchi la nyuma, nikanyoosha shingo kidogo. Kuanzia hapo moshi wa jikoni kwa jirani ukapungua. Akaniambia uani kwamba sasa angalau atapumzisha mgongo.

Mtoto akaanza kuharisha tena. Bibi akasema ni meno.

Mkufunzi alipokuja kukagua na chupa mpya, aligeuka akanikuta nimeshaiweka moja chini ya bomba. Akauliza nafanya nini. Nikasema nasuuza. Akakaa juu ya deli.

“Na ile ya kwanza?”

“Ile niliisuuza zaidi,” nikasema.

Akanieleza upya, polepole, kama anamweleza mgonjwa. Unga ule huizima dawa ya tangini hapohapo, ili maji yafike maabara yakiwa jinsi yalivyotoka bombani. Mimi nilipoumwaga, dawa iliendelea kuua vijidudu ndani ya chupa, Makuyuni, Monduli, mpaka Arusha. Maji ya chupani yalipata safari nzima ya kutibika. Ya mtoto yalitoka tangini mbio, dawa haijamaliza kazi, yakaingia kikombeni.

Safari hii tulikinga inavyotakiwa, na majibu yakawa mabaya. Kamati ikaamua tangi lijazwe jioni, maji yatulie na dawa usiku kucha, koki ifunguliwe asubuhi. Wa kupanda kilima kila siku kuifungua akatafutwa, na mnajua nani anapatikana. Magoti yangu hayakushirikishwa.

Lakini kabla ya kilima kulikuwa na ua wa jirani. Hatua chache tu, nami nilizitembea kama natoka Wasso kwa miguu. Nilimkuta anapepeta maharage, mtoto amelala mgongoni, wametoka zahanati asubuhi na dawa ya kuharisha. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia aanze kuchemsha tena, leo hii. Akauliza si wataalamu walipima? Nikasema hapakuwa na wataalamu, mama, nilikuwa mimi. Nikaeleza chupa, unga, dawa, basi. Nikachoka kabla sijamaliza.

Aliweka ungo chini, akamsogeza mtoto vizuri mgongoni, akaniangalia kuanzia miguuni.

“Ningejua aliyepima ni wewe,” akasema, “nisingeacha kuchemsha.”